Asije Akapotea Njia

Marehemu alisimama kwenye taa za barabarani kama raia mwema, akasubiri magari yapite, akavuka. Nyuma yake kidogo alikuja Kisigino, kola ya koti juu, sigara imezimwa na manyunyu, aibu imemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kisigino lilikuwa jina la kazi. Mkataba uliomaliza vita kati ya wafu na walio hai, enzi za mababu, uliwapa wafu haki moja tu: aliyeuawa ataamka mara moja, atembee hadi kwa mtu anayemdai, akae mlangoni pake. Mji mzima ulijua maana yake. Ukimkuta maiti kakaa mlangoni pako, muuaji ni wewe. Wapelelezi wa kujitegemea waliishi kwa kufuata visigino vya wafu, na mwanamke huyu hakuwa na mpinzani.

Ila leo alitamani ardhi ipasuke immeze. Usiku aliouawa, kijana huyu alikuja kwanza ofisini kwake, anahema, anayumba, eti kuna mtu anamwinda. Kisigino alikuwa na glasi mkononi, viatu ameshavua.

"Tumefunga. Nenda kalale kwa mama yako."

Akamfungia mlango usoni. Asubuhi kijana akaokotwa ngazini kwa mama yake, ana jeraha la kisu mgongoni, vifundo vya vidole vimechubuka. Kisigino alisimuliwa tu na wabeba maiti. Kwenda kupaangalia mwenyewe hakuthubutu.

"Alipigana kiume," alimwambia mama wa kijana, alipokuja kumpa kazi. Kujitia mjuzi, na huku macho anayakwepesha.

Mama, fundi cherehani, alitazama mikono yake. "Mimi nilikuwa nimelala fofofo. Sikusikia kitu." Nani kamuua mwanawe, hakuuliza. "Mfuate tu, mwanangu. Asije akapotea njia."

"Wafu hawapotei, mama."

"Huyu wangu akilewa alikuwa anapotea hata mtaani kwake. Mpaka tulimchoka."

Sasa marehemu alikata kona kuelekea karakana ya mchomelea vyuma. Watu wakajazana. "Siku za mwizi arobaini!" mmoja akapayuka, maana fundi huyo alikuwa ameapa hadharani kumuua kijana kwa kuwa alimchezea dada yake. Alisimama getini, jasho linamchuruzika. Kisigino akamkagua uso na shingo: hata mchubuko mmoja hakuna.

Marehemu akampita bila kumgeukia. Mchomelea vyuma akakaa chini pale pale matopeni, akalia kama mtoto.

Basi, alibaki nani? Kisigino alimjua. Mtaa uliofuata ulikuwa wake yeye.

Mbele ya ofisi marehemu akapunguza mwendo. Akasimama. Loo, siku ya kufa nyani miti yote huteleza! Maneno yakamtoka Kisigino kabla hajayapanga.

"Nilikukosea, mdogo wangu. Nilipaswa kukufungulia. Nisamehe."

Marehemu akautazama mlango, akamtazama yeye, kisha akaendelea na safari.

Kisigino akashusha pumzi. Afadhali! Papo hapo akaona haya kwa hiyo afadhali yake, haya iliyozidi hata ile ya kwanza. Alitembea ameinamisha uso, asiulizwe kitu na wapita njia.

Wakaingia uchochoro wa mafundi cherehani. Labda anapita kumuaga mama yake, Kisigino alijiambia, ingawa katika miaka yote ya kazi hakuwahi kuona maiti anayeaga. Wakapanda ngazi pole pole.

Juu, mlango haukuwepo. Ulikuwa umeng'olewa kwenye bawaba na kuegemezwa ukutani, upande wa nje ukiwatazama. Usawa wa kifua, rangi yake ilikuwa imebanduka hadi mbao zikaonekana, na kwenye mbao kulikuwa na damu iliyokauka, madoa madogo madogo, kila moja pana kama kifundo cha kidole.

Mama alikuwa ameketi sakafuni, kizingitini hasa, nguo ya kushona imemlalia mapajani.

"Ingia, baba," alisema, bila kuinua uso. "Safari hii hakuna haja ya kugonga."