Mizizi Iliyoambiwa Inatosha

"Inatosha sasa," mume wangu alisema, akauchukua mkoba wa binti yetu kutoka kwenye kiti cha maabara. "Umesoma vya kutosha. Kaka yako anahitaji mtu wa kukaa dukani."

Binti alikuwa bado ameshika visahani viwili vya kioo alivyotaka kutuonyesha. Katika cha kwanza, mizizi ya miche ilikuwa mirefu kama nyuzi. Katika cha pili ilikuwa mifupi kuliko ukucha wangu, yenye ncha butu.

"Hii imeugua nini?" nikamuuliza.

"Haikuugua, mama. Mmea una protini ndogo mno inayoziambia seli shina, zile zinazozaa seli nyingine kwenye ncha ya mzizi, zisiongezeke ovyo. Ni ujumbe mzuri ukija kwa kiasi. Hii niliipa kupita kiasi. Seli shina zikaisha, na mzizi hauna tena cha kuukuza."

Baba yake akacheka. "Kumbe mwenzetu anasomea kudumaza majani. Haya, twende."

Binti akainamisha kichwa. Niliijua shingo ile. Iliinama hivyo alipoambiwa inatosha kucheka, inatosha kuuliza, inatosha kukimbia na kaka yake, ambaye hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo.

Hasira ilinipanda. Nikakichukua kisahani cha pili, nikakibandika kwenye kiganja cha mume wangu.

"Baba watoto, wa kukaa dukani ndiye huyu wa kwenye kisahani. Mchukue."

Kisha nikaushika mkanda wa mkoba, nikauvuta. Hakuuachia. Nikavuta tena.