Kiti Kilichoshushwa Vidole Vinne

Kiti cha baiskeli kilikuwa kimeshushwa vidole vinne, kisha kikapandishwa tena. Fundi aliuona mkwaruzo mpya kwenye nguzo yake, akaweka spana chini. Mwenye baiskeli alikuwa mume wake, na mume wake alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera.

Uchunguzi ulifunguliwa rasmi Jumapili ile ile, katika karakana ya fundi mwenyewe, mbele ya mashahidi wawili: pampu na kopo la grisi.

Kwa miezi mitatu sasa, kila Jumamosi alfajiri, mume huyo, karani mpole asiyeweza kugombana hata na nzi, alikuwa akiondoka kwenda kwenye kile alichokiita "ziara". Alianzia kwa wazazi wake, mtaa wa pili, kuwajulia hali. Baada ya hapo, kwa maelezo yake, ilikuwa njia ya pwani hadi mnara wa taa, kona ya kushoto, vilima vitatu vya bara, na kurudi. Kilomita sabini. Saa nane mchana alikuwa nyumbani, ameoga, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka usingizini, na kitambi kinazidi kunawiri.

"Jana ulionaje huko?" fundi alimuuliza mezani.

"Mandhari ya kuvutia," alijibu mume. Wiki iliyopita pia yalikuwa ya kuvutia.

"Na lile daraja la mbao, ukishapita mnara? Ulishuka au ulipita umekaa?"

Mume alitafuna taratibu. "Nilipita umekaa... yaani, nimekaa."

"Hakuna daraja la mbao pale."

"Ndiyo maana sikushuka," alisema mume, akaomba chumvi.

Baiskeli, kwa upande wake, haikujua kudanganya. Mnyororo ulikuwa na mchanga mweupe wa pwani, matairi yana udongo mwekundu wa vilimani, na breki zimelika kwa miteremko. Ilikuwa imekwenda kweli. Lakini kamba ya kofia ilikuwa imekazwa kufuata kidevu kidogo, na usukani ulinuka dawa ya kuchua misuli.

"Kuna mwanamke mfupi anapanda baiskeli ya mume wangu," fundi alimwambia dada yake kwenye simu.

"Na mumeo yuko wapi wakati huo?"

"Kwake, anamsubiri. Ndiyo maana anarudi ameoga."

Dada mtu alivuta pumzi kama jaji anayetaka kusoma hukumu. "Hawara wa mazoezi. Hao ndio wabaya kabisa. Ukithibitisha tu, njoo kwangu, chumba kipo."

Fundi alifungasha. Miaka sita ya ndoa iliingia kwenye sanduku moja, na mfuniko ukafungika bila hata kukaliwa. Hilo lilimuuma kuliko kitambi.

Alikuwa na mtu mmoja tu wa kumpelekea shauri, mama mkwe, ambaye alimheshimu kuliko watu wote. Alimkuta kwenye kochi, miguu juu ya stuli, blanketi hadi kiunoni. Tangu ateguke goti mwaka uliopita, baba mkwe alikuwa amempiga marufuku kupanda ngazi, kuinama, na kutoka kitandani kabla ya saa sita. Mzee mwenyewe alilinda varandani kama askari wa benki.

"Mama, nataka kuiuza ile baiskeli."

Chai ilimpalia mama mkwe. "Uiuze? Mwanangu, mtoto wa watu ana burudani moja tu!"

"Burudani yenyewe ndiyo inayoninyima usingizi, mama."

"Mvumilie mwezi mmoja tu, mkwe wangu. Mmoja!" Na macho yake yakakimbilia dirishani.

Fundi alitoka pale. Kumbe hata mama anajua. Familia nzima inajua, na inamfichia.

Jumamosi iliyofuata aliazima baiskeli ya mteja, akajibanza nyuma ya ukuta wa mnara wa taa. Saa moja na nusu alisikia mlio wa mnyororo alioutia mafuta kwa mikono yake. Baiskeli ya mumewe ikapita kama imetumwa. Juu yake, mtu mfupi, koti la njano, kofia, miwani myeusi. Mwanamke.

Fundi akamfuata. Alikuwa akitengeneza baiskeli thelathini kwa wiki. Kuzipanda ilikuwa habari nyingine. Kilima cha kwanza alipanda akitukana. Cha pili alipanda akihema. Cha tatu hakupanda, alisukuma. Nyuma yao bahari ilizidi kupanuka, ya buluu, haina habari na ndoa ya mtu.

Kileleni, mwanamke yule alikuwa amesimama, mguu mmoja juu ya jiwe, akitazama pwani kwa raha zake.

"Geuka!" fundi alifoka kwa pumzi iliyobaki. "Geuka nikuone, wewe unayenivunjia nyumba!"

Mwanamke akavua miwani, akageuka.

"Punguza sauti, mkwe wangu," alisema mama mkwe. "Na toka katikati ya barabara, utagongwa."

Fundi akakaa chini palepale, kwenye majani.

"Mama, na mume wangu yuko wapi?"

Mama mkwe alitazama saa yake. "Kitandani mwangu, kajifunika gubigubi. Baba yenu akichungulia, anamgunia tu: 'Aa, goti.'"