Kamba Haina Undugu

Mzee Nyasani alipiga magoti, akang'oa sale la kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Jembe alilikataa. Pembeni alisimama Manasseh, ndugu yake wa tumbo moja, pamoja na wazee wanne na karani wa ardhi mwenye muhuri mkobani. Nyuma yao walikuwa watoto arobaini wa darasa la sita, kimya utadhani wako kanisani.

Mwalimu Drusilla alikuwa amelikumbatia daftari la vipimo. Mzee yule aliyepiga magoti alikuwa baba yake mzazi.

Masale, mimea hiyo ya majani marefu, yalikuwa mpaka wa mashamba ya ndugu hao wawili. Sasa yalikuwa yakihamishiwa yadi sita ndani ya shamba la Nyasani, na katika yadi hizo sita lilikuwamo kaburi la Gesare, mama yake Drusilla.

Balaa lote lililetwa na kamba.

Drusilla alirudi kutoka chuo cha ualimu mwaka huo wa 1968 na imani moja: mtoto hujifunza kwa mikono kabla ya kichwa. Aliweka kando kitabu cha hesabu, akawapa watoto kazi moja ya muhula mzima, kuchora ramani ya kilima chao, kutoka barabara ya Keumbu hadi mtoni. Walisokota kamba ya mkonge wenyewe. Waliinyoosha kwenye ukuta wa nje wa madarasa, msumari hadi msumari, yadi thelathini kamili, wakafunga kitambaa chekundu kila ncha. Watoto waliokuwa wakilia mbele ya hesabu za kugawanya sasa walizifanya huku wakitembea na kutaniana.

Kwa Manasseh walipima asubuhi, mara umande ulipokauka. Yadi mia mbili na arobaini. Kwa Nyasani walikwenda mchana, na mvua ya Kisii, ambayo haijui kukosa ahadi, ikawakuta hukohuko. Wakapima wamejifunika majani ya migomba. Mia mbili hamsini na mbili.

Watoto hawana siri. Kufikia jioni Manasseh alishafika na rungu. Marehemu baba yao aliwagawia sawa kwa sawa. Hizo yadi kumi na mbili za ziada zilitoka wapi kama si kwa mwizi wa mipaka?

Drusilla alipima tena. Alirudi mara mbili, mchana wa Jumanne na mchana wa Alhamisi, akitambaa kwenye matope huku mvua ikimpiga mgongoni, akimwomba Mungu kamba imsute. Ilisema yaleyale.

Wazee wakamtaka Nyasani ale kiapo cha jadi. Yeye Msabato, mzee wa kanisa, akakataa. "Neno langu ni ndiyo au siyo. Mpaka sijausogeza." Asiyeapa ana lake jambo, wakanong'onezana. Basi na aulizwe binti yake, aliyesoma.

Asubuhi ya siku ile ya kuulizwa, baba yake alimfuata jikoni.

"Mwanangu, unaniamini mimi au unaiamini kamba?"

Moyo wa Drusilla ulikatika vipande. Tangu utotoni hakuwahi kumsikia mzee huyu akisema uongo, hata wa mzaha.

"Tata, nimewafundisha watoto wa watu kwamba anayepima hana haja ya kubishana. Nikiificha hesabu ya kwetu, nitasimama vipi mbele yao?"

"Kwa hiyo mimi ni mwizi."

"Kamba haina undugu, Tata."

Tangu siku hiyo Nyasani hakumwita tena mwanangu.

Sasa sale la mwisho lilikuwa limeshashindiliwa mahali pake papya. Karani akaandika, akapiga muhuri.

"Hapo kwenye kaburi nitapitisha jembe, nipande pareto," alisema Manasseh. "Maneno yameisha."

Nyasani aliinuka, magoti yamejaa udongo. Hakumtazama ndugu yake. Alimtazama Drusilla.

"Umefundisha vizuri, Mwalimu," alisema, akashika njia ya nyumbani.

Drusilla alitamani ardhi hiyohiyo iliyopimwa immeze. Lakini watoto walikuwa wakimwangalia, na mwalimu halii mbele ya darasa. Akawapanga mstari, wakarudi shuleni na kamba yao mabegani. Mvua iliwashukia njia nzima.

"Kazi yetu imekwisha," aliwaambia walipofika. "Itundikeni palepale tulipoipimia, mkaguzi akija aione."

Mokeira, mrefu kuliko wote, aliifunga ncha moja kwenye msumari wa kwanza, akaibeba ya pili hadi mwisho wa ukuta. Akasimama.

"Mwalimu, haifiki."

"Ivute."

"Nimeivuta, Mwalimu. Kuna mtu ameikata."

Drusilla alikwenda kuzitazama ncha. Vitambaa vyekundu vilikuwa palepale, na mafundo yaleyale ya siku ya kwanza. Akaishika kamba mwenyewe, akaivuta kwa uzito wa mwili wake wote. Ilikuwa imelowa chapachapa, kama kila mchana ilipopima kwa baba yake, ikimchuruzikia maji hadi kwenye viwiko, na kutoka ncha yake hadi kwenye msumari wa pili zilibaki yadi moja na nusu.