Paka wa Kidoti

Kila asubuhi mama aligonga bakuli kwa kijiko, na kabla mlio haujaisha, Jemadari alikuwa ameshauruka ukuta. Leo mlio uliisha, ukuta ukabaki mtupu.

Alipotokea, alikuja akijikokota. Sikio limechanika, shavu limevimba usaha. Mama akapiga magoti pale pale uani.

"Baba, huyu paka atatufia!"

Mumewe, fundi cherehani, hakuinua kichwa. "Dume ni dume. Mwache atembee."

"Madaktari wa mifugo wanasema akihasiwa atapunguza kuzurura na kupigana. Hata magonjwa ya kuumana hayatampata ovyo. Na hatatukojolea tena nguo za wateja."

"Wewe, nimesema hapana. Kisu hakimgusi dume wa nyumba hii." Akanyoosha mkono kuchukua mkasi. Makovu mekundu yalimpita kuanzia kiwiko hadi kiganjani. Seng'enge, alidai siku alipoulizwa.

Wewe. Zamani alimwita Mama Kidoti, kama mtaa mzima ulivyomwita. Lakini tangu binti yao abebe begi na kumfuata mwanamume ambaye baba yake hakumtaka, jina hilo halikutoka tena kinywani mwa fundi. "Aliyetoka ametoka," alisema, akafunga mlango na mazungumzo.

Kidoti aliacha paka tu. Jemadari akifa, mama atabaki na nini cha mwanawe?

Fundi alipokwenda kununua nyuzi, mama alimtia paka kikapuni, akafunika kwa kitambaa, akatoka kwa kunyata kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Hajawahi kumzunguka mumewe hivi.

Daktari alikuwa msichana mcheshi. "Haya, bwana harusi, hebu tukuone." Akamkamua usaha, akamsafisha kidonda, akamchoma sindano. Kisha akainua mkia, na kicheko kikamkatika.

"Mama, hapa sina cha kukata. Huyu nilimhasi mimi mwenyewe mwezi uliopita."

"Haiwezekani. Mbona bado anapigana?"

"Ukali hauishi siku moja. Mpe muda, utamwona anavyotulia nyumbani."

Mama akashika ukingo wa meza. "Nani alimleta?"

"Mzee mmoja, ana utepe wa kupimia shingoni. Paka alimrarua mikono, maskini, lakini hakumwachia."

Mama alirudi nyumbani bila kuona njia. Mlio wa cherehani ulimpokea tangu mlangoni. Akaweka kikapu miguuni pa mumewe, akayatazama yale makovu.

"Seng'enge yako haijambo," akasema. "Na daktari anakusalimia."

Mguu ukasimama juu ya pedali. Fundi akalikodolea macho pindo lililokuwa mbele yake, kama mtu aliyesahau kazi ya sindano. Jemadari akatoa kichwa kikapuni, akajisugua kwenye kifundo cha mguu wake.

"Mama Kidoti," akasema, akainama kumgusa paka kichwani. "Mama Kidoti, nilitaka mwanangu akirudi amkute."