Nyumba ya Magurudumu kwenye Mteremko wa Walikale

Nyumba ya magurudumu ya yule mzungu ilikuwa imeteleza hadi ukingo wa barabara, nyuma yake ikichungulia bonde. Kamba pekee ndiyo iliyoizuia isiporomoke. Mwenyewe alikuwa anatembea kutoka parki ya wanyama kwenda Walikale, kuangalia milima yetu.

Watu ishirini wa kazi ya barabara walishika kamba hiyo wakimngoja Mutokambali, kwa sababu yeye ndiye anayewaimbia, na bila wimbo hawavuti.

Asubuhi hiyo Mutokambali alikuwa ameomba ruhusa akamzike mama yake. Kapita, msimamizi wao, alimkatalia, akamcheka mbele ya wote: “Maiti iko na haraka gani?”

Pazia la maua likasogea dirishani. Madamu, mke wa mzungu, alikuwa amekaa ndani anakoroga kahawa. Hata kushuka ili nyumba iwe nyepesi alikataa.

“Imba, wewe nyani!” mzungu alifoka kutoka kando ya barabara.

Mutokambali akafungua kinywa. Ukatoka wimbo wa kumshusha maiti kaburini, ule ambao kwenye neno lake la mwisho kila mkono huachia kamba.

Wenzake waliutambua. Mmoja alinong’ona, “Kaka, madamu iko mule ndani.”

“Nimemuona,” akajibu Mutokambali, na akalitoa neno la mwisho.