Sinia Juu ya Cherehani

“Unaringa, Bahia! Tangu Idi hujatia mkono katika sinia langu,” alifoka Bi Somoe barazani, jirani yake akipita na mkongojo.

“Siringi, mwenzangu. Nikikaa mkekani, kuinuka siwezi. Daktari kasema damu haifiki nyonga, mfupa umekufa. Wanataka kuutoa waniwekee wa chuma.”

“Mfupa unakufaje na mwenyewe u hai, tena na mdomo wote huo?”

Bahia alicheka kichovu. Mtaa mzima ulishamuuliza hivyo.

Somoe aliingia ndani, akasikika akifukuza watoto mkekani. Alipofungua mlango, sinia la wali lilikuwa juu ya cherehani, na nyumba nzima imesimama kulizunguka, mikono ikidondoka maji.

“Leo hakai mtu. Karibu tule.”