Mtoto wa Kadi ya Kwanza

“Pole ya mama, mwalimu,” Philip akasema.

Mwalimu Mukonyo alikuwa ameinama anatafuta kadi ingine kwa mkoba. Akainuka polepole. Pole ya mama gani? Mama yake alikuwa nyumbani Ngoingwa, mzima kabisa, asubuhi wamekunywa chai pamoja. Simu ilikuwa inatetemeka hapo mezani katikati yao. Akaichukua. Kwa kioo kulikuwa na ujumbe wa dadake: Mama ameanguka, tuko naye hospitali.

Akamwangalia huyo kijana wa gredi ya nne, shati kola imechanika, ametulia tuli kama maji ya mtungi.

Na huyu ndiye mtoto hajui kusoma hata “a”.

Hapo shuleni Ruiru walikuwa wameanza mpango wa kusaidia watoto wanalemewa na kusoma. Kila mmoja anaitwa peke yake kwa karumu ka nyuma ya ofisi, anakaa ng'ambo ya meza, mwalimu anamwekea kadi imwangalie. Kadi ya kwanza ni herufi, inayofuata ni maneno, ya mwisho ni hadithi. Pale umekwama ndio kikundi chako, na unafunzwa kuanzia hapo. Wengi walikuwa wamepanda. Philip alikuwa ameganda kwa kadi ya kwanza tangu muhula uanze. Ukimwonyesha “m” anasema “w”. Ukimwonyesha “n” anasema “u”. Shingo anaipinda kama kuku amesikia mwewe, jasho inamtoka.

Wenzake hawakumhurumia. “Wee Kadi Wani! Tutakuletea wajukuu wetu mmalize herufi pamoja!”

Na hii ya simu haikuwa mara ya kwanza. Wiki iliyopita Mukonyo aliandika hapo mezani, bila kutamka kitu, kwamba mtoto apelekwe shule ya special, ile ya watoto wa mahitaji maalum. Philip akauliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, special wanalala huko huko?”

Hiyo siku Mukonyo hakulala.

Mukonyo aliporudi kutoka hospitali, mwalimu mkuu, Bwana Ndegwa, akasikiza yote bila kupepesa macho. “Mukonyo,” akasema, “hiyo si kesi ya kadi. Hiyo ni kesi ya kanisa.”

Wakamwita mama ya mtoto, Nakhumicha, anaosha vyombo kwa joint ya nyama choma Kamakis. Akakuja mbio, aproni bado iko kiunoni.

“Aki mwalimu, nyumbani hasumbui mtu,” akasema. “Kila jioni anakaa mezani na dadake, Naliaka, mpaka homework iishe. Kitabu ni moja tu, lakini hatoki hapo, hata ukimwitia chakula.”

“Anajua vitu hajaambiwa, mama Naliaka,” Ndegwa akamwambia. “Muulize mwalimu wake.”

Nakhumicha akageuka, macho yamejaa machozi. “Ni ukweli, mwalimu?”

Mukonyo angeweza kusema hajui. Akasema ni ukweli.

Hivyo ndivyo Pasta Dalmas aliitwa. Huyo alikuwa na kambi ya maombi kule kwa mashamba nyuma ya Thika. Mtoto anapelekwa, anafunga, hali, hanywi, mpaka kile kimemwingia kitoke. Kuna msichana wa Wendani alirudishwa kutoka huko amebebwa kwa blanketi, na mpaka leo haongei. Pasta alisema ni pepo yake ilikuwa kichwa ngumu.

Jumamosi mchana Mukonyo akaenda kwa kina Philip, kwa zile nyumba za rental za nyuma ya Kamakis. Alijiambia anaenda kumuaga mtoto tu. Van ya pasta ilikuwa imeshafika, injini inanguruma, vijana wawili wenye vifua vipana wanashuka na pasta mwenyewe anatafuta mlango ni upi.

Mukonyo akawapita mbio. Kabla afike mlangoni akasikia mtu anasoma ndani. Sauti ilikuwa inateleza kama ya mtangazaji wa redio. Inapumzika penye nukta, inapanda penye swali, haikwami popote. Kumbe Naliaka ni moto hivi, akawaza. Mtu na ndugu yake, na tazama vile Mungu amegawa.

Akasukuma pazia.

Nakhumicha alikuwa amesimama kando ya kitanda, mfuko wa nguo za Philip kifuani. Naliaka alikuwa mezani, kitabu kimefunguliwa mbele yake, kinamwangalia yeye, na mdomo wake umejaa chapati. Ng'ambo ya meza, kwa kile kistuli amekikalia tangu nursery, Philip alikuwa amelaza kifua mezani. Kidole chake kilikuwa kinatembea kwa mistari, kutoka kulia kwenda kushoto. Ni yeye alikuwa anasoma.

“Ngojeni,” Mukonyo akasema. “Ngojeni kwanza, huyu mtoto…”

Lakini Pasta Dalmas alikuwa ameshaingia, ameshika pazia, na yeye pia alikuwa ameona.

“Mama, umejionea na macho yako?” akamwambia Nakhumicha. “Kitabu iko juu chini, na bado hiyo pepo inasoma.”

Nakhumicha akampa pasta mfuko wa nguo.